Kunyoa Bure kwa Mashujaa

Jumamosi, 26 Julai. Kanazi, Ngara.

Asubuhi baridi ya kukunja vidole, mchana vumbi mpaka kwenye meno. Ndiyo Julai yetu. Mgongo unaniuma kwa kusimama, lakini sura bado nzuri, namshukuru Mungu.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni kinyozi. Siyo kinyozi hivi hivi, ni kinyozi wa kimataifa. Darasa la saba nililiona kupitia dirishani, lakini nimekuwa utingo wa malori kutoka Dar mpaka Lubumbashi. Nimelala Kigali, nimegombana na trafiki wa Kampala, nimependwa Bujumbura (mke wangu hapa aruke). Kuna wasomi Ngara hii wana vyeti ukutani na hawajawahi kuvuka hata mpaka wa Rusumo.

Nasema haya ili ujue kwamba ujinga nilioufanya haukutokana na kutotembea.

Hoja yenyewe ni hii. Mtu aliyepigania nchi, akazeeka, anastahili kupunguziwa bei na kupewa heshima kuliko sisi wengine? Mwezi uliopita ningekujibu kabla hujamaliza kuuliza. Sasa hivi ngoja kwanza.

Ilianza na video kwenye simu. Mgahawa wa Wazungu, babu mmoja na kofia yake ya jeshi amemaliza kula, anataka kulipa, mhudumu anakataa. Watu wote wanasimama, wanapiga makofi, babu analia. Na mimi nikalia. Mteja niliyekuwa nimemnyoa upande mmoja akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia msiba ni wetu wote, hapa Kanazi bado hatujastaarabika.

Siku hiyo hiyo nikachukua karatasi na kalamu ya wino mzito, nikabandika mlangoni: WALIOPIGANA VITA VYA KAGERA WANANYOLEWA BURE. KARIBUNI MASHUJAA WETU.

Kichwani nilikuwa na mtu mmoja tu, Mzee Balthazari wa Kibimba. Alikwenda vitani kijana, mgambo, akapandishwa lori na wenzake wa huku, wakavuka mto Kagera, wakaendelea hadi Uganda. Alirudi na kovu nyuma ya sikio la kushoto ambalo nadhani tunalijua mimi na mkewe tu. Ni mteja wangu wa siku za soko miaka yote niliyo na saluni. Anakaa kwenye foleni, anabishana mpira ilhali televisheni hana, na akichoka na majigambo yangu ananiuliza mbele ya watu, "Wewe kinyozi, huko Lubumbashi ulifika au ulipelekwa?" Watu wanakufa kwa kicheko.

Basi, alipoingia Jumamosi ya kwanza baada ya karatasi, nikazima mashine. Nikamnyanyua mteja aliyekuwa kwenye kiti. Nikamshika mzee mkono, nikauinua juu kama refa wa ngumi.

"Jamani, shujaa wetu huyu hapa! Makofi!"

Wakapiga. Nikaona hayatoshi, maana mimi nikianza, kuacha sijui.

"Mzee, hebu waambie hawa. Uliua wangapi?"

Watu wakacheka. Mimi nikawazidi wote.

Yeye alikuwa anatazama kioo.

Nikamnyoa. Hakusema neno, hata la mpira. Nilipomaliza akatoa hela, nikaikataa. Akaiweka juu ya kopo la poda, akatoka. Nikamkimbilia mpaka barabarani, nikamrudishia mfukoni kwa nguvu, watu wa soko wanatazama. Nikarudi ndani najiona mtu mwema kweli kweli.

Tangu siku ile hakukanyaga tena saluni yangu.

Waliokuja ni wengine. Karatasi ile ilizaa mashujaa kuliko jeshi lenyewe. Akaja mlinzi wa ghala la maharage. Akaja mmoja ambaye vita vinaisha mama yake alikuwa bado hajaolewa. Akaja Mzee Sospeteri, jirani yangu, ambaye kila mtu anajua aliondoka na lile lori lakini malaria ilimshusha Biharamulo, akarudi nyumbani kabla hajasikia hata mlio wa bunduki. Nikageuka afisa uhamiaji. Kila mzee akiingia namhoji: ulikuwa kikosi gani, mlipita wapi, mkubwa wako alikuwa nani. Wazee wazima wanajibu huku wamejifunga shuka la kunyolea shingoni. Aibu. Lakini wakati ule niliuita utaratibu.

Hata Masanja alijaribu. Huyu ni Msukuma anayelima mahindi kule Biharamulo na kutuletea dagaa siku za soko.

"Kinyozi, mimi kila mwaka napigana na tembo shambani kwangu. Nchi si ni hii hii? Punguzo langu liko wapi?"

"Mlete huyo tembo atoe ushahidi."

"Atakuja. Lakini naye atataka kunyolewa."

Tukacheka. Ila kila nikicheka jicho liko mlangoni.

Jumapili iliyopita mke wangu, Veneranda, alirudi kanisani hajavua hata kitenge. "Baba Novati, mzee wako ana kichwa kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Nasikia mjukuu kamkata na mkasi."

Iliniuma kitaaluma kwanza. Halafu ikaniuma kwingine.

Nikamwambia simwelewi huyu mzee, nimempa heshima, amenisusa. Veneranda akaniangalia kama anavyoniangalia nikisimulia habari za Lubumbashi.

Kwetu huku, jirani akikuletea maharage kwenye kikapu, kikapu hakirudi kitupu. Utatia viazi, utatia hata ndizi moja mbivu. Ukikirudisha kitupu ni kama umemwambia: mimi ni mtu wa kupewa tu, sina changu. Nimelelewa hivyo, Veneranda kalelewa hivyo, na mzee vile vile.

"Wewe umempa kikapu," akasema, "halafu ukamfungia mlango wa kukirudisha. Hela yake ukamsukumia mfukoni kama mtoto. Tena ukamwuliza neno ambalo hata mkewe hajawahi kumwuliza."

Sikula vizuri siku hiyo. Wanaonijua wanajua uzito wa sentensi hiyo.

Jana ilikuwa Siku ya Mashujaa. Redio za barabara nzima zinahutubia. Nikafunga saluni, nikatia mashine na spiriti kwenye begi, nikapanda bodaboda mpaka Kibimba. Nikamkuta uani anageuza kahawa juani. Kofia kichwani, na chini ya kofia nywele zimetoka kila moja na njia yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna, mzee wangu. Nimekuja kukunyoa."

"Kinyozi humfuata nyumbani mgonjwa au maiti. Mimi ni yupi?"

Nikashika upande wa pili wa turubai, tukawa tunageuza kahawa wote wawili, kimya. Kunyamaza kwangu ni kazi ngumu kuliko kubeba magunia. Mwisho nikasema: mzee, lile swali sikupaswa kukuuliza, na yale makofi pia. Nisamehe. Nikaishia hapo, jambo ambalo kwangu ni muujiza.

Akaendelea kugeuza. Baadaye akasema, "Uliniuliza wangapi. Tulipanda lori tukiwa tunaimba. Wale ambao hawakurudi nawajua, huyu mtoto wa fulani, huyu wa fulani. Hao ndio ninaowahesabu. Wewe ulitaka nihesabu upande gani?"

Nikageuza kahawa ya upande wangu. Akageuza ya kwake, akaendelea.

"Pale kwako nilikuwa nakuja kukaa foleni. Nakaa, nabishana, mtu kama watu. Wewe ukaninyanyua mkono kama jogoo wa kuuzwa."

Nikamwuliza, maana hoja bado ilikuwa inaniwasha: kwa hiyo hamstahili chochote?

"Nani kasema? Mguu ukiniuma nataka dawa, tena bila kuzungushwa. Hilo ni la serikali, na nikienda pale siendi kuomba, nakwenda kudai. Wewe ni serikali?"

"Hapana, mzee."

"Wewe ni kinyozi. Tena wa wastani."

Hilo la wastani nimelisamehe lakini sijalisahau.

Nikamtajia Sospeteri, nikidhani hapo tutakuwa kundi moja. Nikasema yule ananyolewa bure na vita hakuviona. Mzee akanikatisha. "Mwache anyolewe. Alipanda lori. Siku ya kupanda lori hakuna aliyejua nani atashukia wapi."

Mimi nimepanda malori nusu ya maisha yangu. Siku zote nilijua tunakwenda kushusha mzigo gani, na wapi.

Hakuniambia amenisamehe. Hakuniambia atakuja. Aliniambia nisogeze kahawa ya upande wangu, kivuli kimeifikia. Nikarudi na begi langu, mashine haijatoka.

Leo asubuhi nimebandua karatasi. Mzee Sospeteri alikuwa wa kwanza kufika. Akatazama mlango, akanitazama.

"Vipi, vita vimefutwa?"

"Kaa, mzee."

Nikamnyoa bila kumhoji, na hela sikuitaja. Hakuitaja yeye pia, huyo si mtu wa kusumbuka na vikapu. Alipotoka aliniachia baraka ndefu, sina hakika kama zinafanya kazi.

Saluni ikajaa. Masanja amekaa na harufu yake ya dagaa, anatetea timu iliyofungwa. Mimi nanyoa watu huku naangalia mlango kwenye kioo, karibu nimkate mtu sikio. Kila kofia ikipita barabarani nageuka. Nilikuwa naogopa, na niandike ukweli, siyo kumpoteza mteja. Vichwa Kanazi ni vingi. Nilikuwa naogopa kwamba mahali pamoja alipokuwa anakaa mtu kama watu, mimi ndiye niliyepaharibu.

Mchana, jua la utosi, akaingia. Akasalimia kwa jumla, akavua kofia.

Kile kichwa, jamani.

"Mzee," akasema Masanja, "nani kakufanyia hivyo? Tembo wangu amefika mpaka Kibimba?"

Mzee akacheka kwanza, ndipo saluni nzima ikafuata. Masanja akainuka ampishe, maana mzee ni mzee. Mzee akakataa kwa mkono. "Foleni ni foleni, Msukuma. Kaa na dagaa wako."

Akangoja. Na mimi sikuharakisha waliokuwa mbele yake hata kidogo, ingawa mkono ulikuwa unataka.

Zamu yake ilipofika nikamfunga shuka, nikarekebisha uharibifu wa mjukuu taratibu. Nilipofika nyuma ya sikio la kushoto nikapunguza mwendo, kama siku zote. Hapo ndipo alipofungua mdomo, kwa sauti ya kusikika hadi kwa muuza vitenge wa jirani.

"Wewe kinyozi. Huko Lubumbashi, ulifika au ulipelekwa?"

Watu wakalipuka. Ikabidi nijifanye natafuta brashi chini ya meza, nikakaa huko chini kwa muda.

Alilipa bei ile ile anayolipa kila mtu. Nikapokea, nikampa na chenji yake. Akavaa kofia, akanyanyua kidevu kuelekea kwenye begi langu.

"Hilo begi ulilonibebea jana, lichukue. Kuna mtu kule Ntobeye. Huyo ni mgonjwa. Huyo mfuate nyumbani."

Nikafunga saluni siku ya soko. Andikeni hilo mahali.

Mtu mwenyewe anaitwa Leopoldi. Walikuwa lori moja na mzee, ndiyo maana tulikwenda wote. Mguu wake umekufa kabisa, tangu masika hajatoka zaidi ya uani. Kabla hatujaingia Mzee Balthazari alinishika mkono: "Makofi hapana." Nikamwambia nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa.

Nikamnyoa Leopoldi nje kwenye kigoda, mkewe ameshika kioo, na wale wazee wawili muda wote wanagombana.

"Huyu alikula nyama yangu ya kopo," Leopoldi ananishitakia.

"Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nasali!"

"Unasali unakoroma?"

Nilitamani kuuliza ilikuwa wapi, na nini kilitokea baadaye. Niliuma ulimi. Wakafika wenyewe kwenye jina la kijana mmoja aliyekuwa akigawa ile nyama, Mzee Balthazari akavua kofia, halafu Leopoldi akasema nimchonge vizuri kisogoni. Nikachonga. Sijawahi kuchonga kisogo namna ile, na nasema hivi nikiwa kinyozi wa wastani.

Nilipokuwa nafunga begi, Leopoldi akamwita mkewe. Mama akatoka na kikapu: maharage mapya, na maparachichi juu. Mdomo ulianza kusema "hapana, mama, acheni." Mzee Balthazari akanitazama tu.

Nikapokea kwa mikono miwili.

Kwa hiyo, wanastahili? Wanastahili. Dawa wapewe, foleni ya ofisini wasisimame na miguu ile, na anayetaka kuwapunguzia bei awapunguzie, simzuii. Ila mimi karatasi sibandiki tena. Nitakwenda Ntobeye na mashine yangu, na nitapokea nitakachopewa.

Shida iliyobaki ni moja. Maharage Veneranda ameshayabandika, kikapu cha watu kiko mezani kitupu. Ameniuliza nitakirudisha na nini. Nikamwambia si ninakwenda kunyoa tena, hiyo haitoshi? Akasema kunyoa ni kazi yako, kikapu ni kikapu.

Hapo ana haki. Nimezunguka nyumba nzima, nimeangalia viazi, nimeangalia ndizi, kila ninachokishika nakirudisha chini. Mtu aliyepanda lori lile, kwenye kikapu chake unaweka nini?