Jibu la Baba Kuhusu Hamad

Guangzhou, Novemba 1998

Kwa Dada Asha,

Shikamoo Dada. Mimi na Baba tu wazima, ila baridi imeanza na Baba kifua kinambana. Macho ya Mama yanaendeleaje?

Ulinituma nimwombe Baba aandike kumruhusu Ami Said akuozeshe kwa Hamad. Wiki mbili sikuthubutu. Mwisho nikajificha nyuma ya kazi ya skuli. Tuliambiwa tueleze serikali ya nchi yenye watu wachache, nikachagua Mongolia, maana Oyuna ninayekaa naye dawati moja ni wa huko.

Jumamosi nilimsomea Baba ofisini kwake kwenye jengo la Tianxiu, akifunga maboksi ya viatu. Nchi pana, watu wachache, rais, na bunge moja la watu sabini na sita.

"Sabini na sita tu!" akacheka. "Hao hata wakitukanana wanaitana kwa majina."

Nikasoma kwamba mwaka huu wapinzani walisusia vikao, serikali ikaanguka, na tangu hapo rais anakataa majina ya waziri mkuu anayoletewa. Akaacha kucheka.

"Kama kwetu visiwani," alisema.

Nikajikaza. "Lakini Baba, mama yake Oyuna ni wa chama hiki, baba yake wa kile, na wameoana."

Akaweka mkasi chini. "Nani kakutuma? Asha?"

Dada, nilikukana. Nilisema, "Hapana Baba, ni swali la mwalimu."

"Basi mwambie mwalimu wako, Hamad sina neno naye, anasali na ana kazi. Lakini babake kakataa kuja kumzika mama yangu kwa kuwa sisi si wa chama chake. Mwanawe hamuoi mwanangu. Hata!"

Akachukua mkasi, akarudi kwenye maboksi yake. Simlaumu sana. Bibi alizikwa yeye yuko huku, akawa anauliza kwa simu nani kaja na nani hakuja.

Nisalimie Mama, Ami Said, na Shangazi anayemtia Mama dawa ya macho.

Chuoni tulikosoma Kurani tulifundishwa kwamba walii wa mke akikataa bila ya sababu ya sheria, kadhi anaweza kuozesha. Naogopa hata kuliandika hili. Ukiamua kwenda, mpe kadhi barua hii, aone kuwa Hamad mwenyewe Baba hana neno naye. Maneno ya Baba nimeyaweka kama alivyoyasema, na aliyeyasikia ni mimi.

Mdogo wako,
Rukia binti Khamis