Namba 417 na Mashine ya Mlangoni

Jumatatu, 1 Septemba 2008

Seva imelala tena. Saa mbili na robo asubuhi, kama kawaida yake. Zahanati kumi na tano zinafungua ukurasa wetu kwa wakati mmoja kutafuta majibu ya vipimo, na ile kompyuta moja chakavu inazidiwa, inaganda. Nikaizima, nikaiwasha. Ikaganda. Mara nne!

Daktari Mayala akaja akasimama nyuma yangu. Akasema alipoacha kazi serikalini ili afungue maabara yake watu walimcheka – maabara ya mtu binafsi, Bariadi hii? Sasa nimewapa sababu ya kuendelea kucheka. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Mimi nilikuwa opereta wa simu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Maswa. Kilipouzwa, tukapunguzwa. Kompyuta nimejifunza ukubwani, kozi ya miezi mitatu na vitabu vya kuazima. Nahisi kila mtu analiona hilo usoni mwangu.

Jumanne, 2 Septemba

Nimempigia Marcelo, aliyetufundisha ile kozi Mwanza. Anasema kosa ni kuiacha seva ikae mbele za watu. Niweke mashine nyingine mlangoni – proksi. Zahanati ziongee na hiyo tu. Inachokikumbuka itakijibu yenyewe. Isichokijua itaingia ndani kuiuliza seva. Kama karani wa mapokezi, anasema, si kila anayeuliza swali lazima amwone daktari.

Nimeitoa kompyuta ya stoo. Feni yake inakereza kama msumeno. Lakini inawaka.

Alhamisi, 4 Septemba

Siku mbili kwenye faili moja la maandishi. Herufi moja ikikosewa, programu inagoma. Leo imekubali! Inapokea swali, inalipeleka ndani, inarudi na jibu. Nimepiga makofi peke yangu mpaka Rhoda wa mapokezi akachungulia.

Furaha ya nusu saa. Seva imeganda vilevile! Kumbe programu haikubali kukumbuka ukurasa wowote ambao anwani yake ina alama ya kuuliza. Na kurasa zetu zote za majibu zinayo – alama ya kuuliza, halafu namba ya mgonjwa. Kwa hiyo kila swali bado linaingia ndani. Nimeweka karani ambaye hajibu kitu.

Daktari amepita mlangoni mara mbili. Najua maana yake.

Ijumaa, 5 Septemba

Kuna mistari miwili kwenye faili inayokataza kukumbuka kurasa za namna hiyo. Nimeizima. Nikaongeza mstari wangu: kila ukurasa ukumbukwe siku saba. Kwa nini saba? Sijui. Nilitaka tu mashine isife tena. Marcelo hakupokea simu. Sikungoja.

Inaruka! Zahanati zote zimefungua, hakuna kilichoganda. Daktari amenipa mkono mbele ya wenzangu wote. Mke wangu Matilda akachinja kuku. Leo nimekula kama mtu.

Jumatatu, 8 Septemba

Asubuhi nzima haijaganda. Namshukuru Mungu.

Jumanne, 9 Septemba

Sista Dorkasi amepiga, nesi wa zahanati moja ya Lamadi. Namba 417, makohozi. Ni mama anayenyonyesha, Kabula, muuza dagaa, kaolewa Mwamanyili. Jana asubuhi ukurasa uliandika BADO. Leo tena BADO.

Nikafungua hapa ofisini. Jibu lipo! Limeingizwa jana mchana. Kifua kikuu, plasi tatu, kiwango cha juu kabisa.

Nikamwambia aangalie namba vizuri. Akaangalia. Azime awashe. Akazima akawasha. BADO. Nikasema – naandika kama nilivyosema – "Sista, mimi naliona hapa. Tatizo liko kwako."

Akaniomba nimsomee. Nikakataa. Mwaka jana mwanamume mmoja alijifanya nesi kwenye simu akasomewa siri ya mkewe, na tangu hapo Daktari amepiga marufuku. Sheria ni sheria. Ndivyo nilivyomwambia. Plasi tatu ziko mbele ya macho yangu.

Jumatano, 10 Septemba

Dorkasi tena. Kabula yuko kwenye benchi pale, mtoto mgongoni, mama mkwe wake pembeni. Siku ya tatu wanakuja. BADO. Nikamwambia ataipata tu, abadilishe modemu.

Akapiga mara ya pili. Sikupokea.

Alhamisi, 11 Septemba

Naandika yote kama yalivyotokea.

Asubuhi zahanati moja ya Maswa imepiga: BADO tangu Jumatatu. Kisha nyingine. Tatu! Watatu hawawezi wote kukosea namba. Nikachukua kompyuta ndogo ya Daktari na modemu, nikatoka, nikavuka barabara mpaka dukani kwa Ngeleja. Nikafungua ukurasa kama mtu wa nje. 417. BADO.

Nikarudi ofisini. 417. Plasi tatu.

Nikakaa chini. Mimi hapa ndani naongea na seva moja kwa moja. Sijawahi kupita mlangoni hata siku moja! Zahanati ndizo zinazopita, na mashine ya mlangoni inawapa ilichokiona mara ya kwanza. Jumatatu asubuhi iliona BADO. Nani aliiamuru ikumbuke siku saba? Mimi. Nani alizima ile mistari iliyowekwa na watu wenye akili? Mimi, Magese, wa kozi ya miezi mitatu.

Majibu ishirini na matatu yamekwama. Nimefuta kumbukumbu yote, nimeirudisha mistari. Dakika tano. Basi! Dakika tano tu.

Nikampigia Dorkasi, nikamwambia fungua sasa. Nikasikia akivuta pumzi. "Plasi tatu, kaka." Halafu akasema Kabula hajafika leo. Hajui yuko wapi.

Nilimweleza Daktari yote. Akafunga mlango. Akasema zahanati zitaambiwa mtandao ulisumbua, na mimi nitasema hivyohivyo. Wakijua maabara ilificha majibu siku tatu hakuna atakayeleta sampuli tena, na wote hapa tutakuwa barabarani. Nikamuuliza, na huyo mama? Akasema mgonjwa atatafutwa. Kisha akainama, akashika kichwa. Si mtu mbaya. Anaogopa kama mimi.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimepanda basi la kwanza kwenda Lamadi, karatasi ya majibu mfukoni. Rhoda ameshinda kwenye simu tangu jana. Ishirini na wawili wamepatikana. Amebaki Kabula.

Dorkasi ni mdogo kuliko nilivyomdhania. Nilidhani nitakuta mtu wa kunikemea. Amenipa kiti, amenipa chai. Anajilaumu yeye! Ati angekuja Bariadi mwenyewe siku ya pili. Nilikunywa ile chai yote. Nikamwacha ajilaumu.

Tukaenda ufukweni kwenye vichanja vya dagaa. Dada yake Kabula, Shida, alikuwa anageuza dagaa juani. Hakuacha kugeuza. Akasema Jumatano walipotoka zahanati mama mkwe aliamua. Makohozi yamepelekwa kwenye mashine, mashine imeulizwa siku tatu, haina jibu. Ugonjwa wa hospitali, hospitali inaujua. Huu umetumwa na mtu. Amempeleka Kabula kwa mganga, Sapiwi. Na mtoto pia.

"Mlimwita mara tatu," Shida akasema, "na mara tatu mkamwambia bado. Sasa mnamtakia nini?"

Dorkasi alilia njiani. Mimi nimeshindwa hata hilo.

Jumamosi, 13 Septemba

Sapiwi. Tumefika saa tano. Boma kubwa, ua wa minyaa, nyumba nne. Ng'ombe wamekwenda malishoni. Mganga hayupo, kaenda kuchimba dawa. Wasaidizi wake wamesema mgonjwa haonwi mpaka arudi.

Mama mkwe ametoka nje. Nyanjige. Mwanamke mrefu, mkavu, macho mekundu ya kukesha. Tukamwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, yaani mama. Akaitika vizuri. Akatuletea vigoda kwa mikono yake mwenyewe. Nilitamani atufukuze.

Dorkasi akampa karatasi, akamweleza. Jibu limepatikana. Ni kifua kikuu, dawa ipo, ni bure, anapona. Mtoto naye lazima apimwe. Nyanjige hasomi, lakini aliishika karatasi kwa mikono miwili na kuiangalia muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi.

"Wewe ndiye wa maabara?"

Ndiyo, mayu.

"Siku tatu nimekaa kwenye lile benchi. Mbona mlisema bado?"

Nilikuwa nimejiandaa. Usiku kucha nilijiandaa kusema. Neno moja tu, mimi. Ni mimi, mayu. Nikafungua mdomo.

"Mtandao ulisumbua," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali. Akaikunja karatasi mara mbili, akanirudishia.

"Kama ulisema uongo siku tatu," akasema, "leo nitajuaje kwamba umeacha?"

Dorkasi akaruka kunitetea! Ati huyu kaka ametoka Bariadi kwa ajili yenu, hajalala, ni mtu mkweli. Mtu mkweli! Nyanjige amerudi ndani. Tumeambiwa tungoje mganga, labda jioni, labda kesho.

Tuko hapa kivulini mwa ghala. Dorkasi amesinzia, kichwa kwenye mkoba wake. Naandika kwenye goti. Kikohozi kinatoka nyumba ya pili, kirefu, kinakatika, kinaanza upya. Katikati yake mtoto analia. Mlango uko wazi. Ni hatua ishirini, sizidishi. Nyanjige amekaa kizingitini, ananitazama, karatasi iko mkononi mwangu, na lile neno moja bado liko mdomoni –