Ireri Hayumo kwenye Fomu

Mama Muturi,

Huu ni mwezi wa nne tangu tulipokuzika, na bado nikifika ofisini natazama kiti chako kabla ya kutazama kitu kingine. Siku hizi anakikalia kijana aliyeletwa kutuongoza. Si mtu mbaya, hata maandazi hutununulia. Lakini, Mama, fomu yako ya kuandikia afya ya watoto nyumba kwa nyumba ameifupisha.

Ile sehemu ya majina ameitoa. Fomu mpya imepigwa taipu vizuri na inauliza tu idadi ya watoto. Alisema majina yanakula muda, na wakubwa wanangoja kujua ni wapi huku chini Mbeere watoto wanaumwa zaidi, ili kliniki ya gari ipelekwe huko. Nikachukua rundo langu la fomu mpya. Mimi niliyejua, nikalichukua.

Ulinifundisha wiki ya kwanza, nikiwa mgeni kutoka Ruiri, najiona nimesoma. Nilimwuliza mama mmoja ana watoto wangapi, akaingia ndani akatuacha na mizani ikining'inia mtini. Ulicheka hadi ukaketi chini. "Kawira, kwani hawa ni mbuzi ndio uwahesabu?" Ukanieleza kwamba huku mzazi hataji hesabu ya kweli ya watoto wake, anaogopa kuwaletea mabaya, hasa aliye mgonjwa. Muulize majina. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Ukimpata wa pili bila wa kwanza, kuna mtoto hujaonyeshwa. Hapo ulikuwa unashusha sauti: "Na yule mwingine, mama?" Wengine walifika hospitali kwa sababu ya swali hilo tu.

Sasa sikia nilichofanya.

Mwezi uliopita nilifika kwa mzee Ireri, kule chini karibu na mto. Mke wa mwanawe alikuwa akichambua ndengu. Nikamwuliza ana watoto wangapi, kama fomu inavyotaka. "Watatu," akasema bila kuniangalia. Nikawapima mikono kwa utepe nione kama wamekonda, wote wazima, wasichana wawili na mvulana mmoja, Njeru. Mama yake alimwita "baba", maana mtoto ana jina la baba mzazi wa huyo mama. Kalamu ilisimama. Nilijua pale pale kwamba huyu ni wa pili, na yuko Ireri mdogo, mwenye jina la mzee, mahali fulani. Lakini gari lilikuwa barabarani likipiga honi, na yule kijana anaita, "Andika namba twende!" Nilikuwa na njaa, tena jua lilikuwa kali. Nikaandika tatu.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, nilirudi peke yangu. Nilikuwa sipati usingizi. Nikaketi na mama yake Njeru, nikashusha sauti kama wewe. "Na Ireri, mama?"

 Akasema, "Siku ile alikuwa hapo jikoni. Si ungeuliza."

Walimzika wiki mbili zilizopita. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Miguu ilikuwa ikimvimba, akitembea kidogo anahema, na kutoka pale hadi hospitali ni siku nzima kwa miguu. Mama yake aliogopa kumtaja. Mimi niliogopa honi.

Na karatasi zangu zinasema nyumba ile ina watoto watatu, wote wazima. Kijiji kizima nimekiandika hivyo hivyo, na kliniki inapangiwa kijiji kingine. Nina hasira, Mama. Najikasirikia mimi, na kidogo nakukasirikia wewe kwa kufa ukatuacha na hiyo fomu mpya. Nisamehe.

Kesho nitamwambia yule kijana kila kitu, na nitamwambia jina la Ireri. Akinifukuza, sawa, nitarudi Ruiri nikachunge ng'ombe wa baba. Lakini nakuahidi, kabla ya hapo nitarudi kwa kila mlango niliouandikia namba, niulize vile ulivyonifundisha, hata kama ni kwa miguu.

Pumzika, Mama Muturi. Kama huko mnaonana, mkaribishe Ireri. Usimfiche ukweli. Mwambie nilijua yupo, nikaondoka.

Wako,
Kawira