Kibao cha Punda kwenye Wiki ya Haki

Jumatatu, 13 Mei

Mkuu wa shule kaniita asubuhi. Ijumaa anakuja mkaguzi wa Kihispania — mwenye lugha yake hasa, Kiswahili hana hata cha salamu. Anataka kuona jinsi tunavyofundisha haki za jamii ndani ya somo la lugha. Si vitenzi tena. Haki! Nilikubali hata Mkuu hajamaliza kusema. Nafasi ya mkuu wa idara ya lugha iko wazi, na nitaipata hata ikibidi nifundishe haki kwa fimbo.

Mada nimechagua: heshima ya mfanyakazi. Kidato cha tatu wameguna. Watoto wa wenye nazo hao. Mfanyakazi wanayemjua ni yule anayewafulia soksi.

Nimewakumbusha sheria yangu. Ukivuka mlango huu, Kihispania tu. Anayeteleza akasema Kiswahili anavaa kibao — cha mbao, kina kamba ya katani, na nimekiandika mwenyewe kwa Kihispania: MIMI NI PUNDA. Unatembea nacho shingoni mpaka umnase mwenzako anayesema Kiswahili, unamvisha yeye. Atakayebaki nacho kengele ya mwisho ya Ijumaa hapandi jukwaani kwenye mashindano ya kuzungumza Kihispania. Na mshindi wa mashindano hulipiwa masomo mpaka chuo kikuu. Basi wanakiogopa kibao kuliko wanavyoniogopa mimi, na mimi wananiogopa vizuri tu.

Leo kimemwangukia Kasuku. Jina hilo nimempa mimi — ukimtamkia kitu mara moja anakurudishia vilevile. Ndiye bora wangu. Dirisha lilimbana kidole, akapiga ukelele: "Jamani!" Darasa likashangilia. Nikamvisha kwa mkono wangu mwenyewe. Alilia kimyakimya, kamasi mpaka kwenye kola. Najua mashindano ndiyo tumaini lake pekee, wenzake wana baba zao. Lakini nikimhurumia huyu, kesho nitakuwa na darasa la sokoni.

Jumanne, 14 Mei

Wazo! Kwa nini tusome habari za mfanyakazi vitabuni na mfanyakazi tunaye koridoni? Mama Usafi. Kesho darasa limhoji, Ijumaa wamsimulie mkaguzi.

Nilimkuta anakamua tambara kwenye ndoo. Akakataa, eti atasema nini mbele ya watoto wa watu. Nikamwambia aache kujishaua. Akauliza ni darasa gani. Nilipomtajia akajifuta mikono kwenye aproni, akasema sawa, atakuja. Haraka hivyo! Hawa nao wanapenda kuonekana, wanajifanya tu.

Maswali nimempa leo kwa Kiswahili, ili kesho nisivunje sheria yangu.

Kasuku bado ana kibao. Wenzake wamekuwa wajanja, akisogea wanafunga midomo. Mapumziko alikaa peke yake nyuma ya tangi la maji.

Jumatano, 15 Mei

Nimecheka leo! Sikupanga, lakini nimecheka.

Mama Usafi alikuja na gauni la kutokea, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Nikamkalisha mbele, kwenye kiti changu. (Nimekifuta baadaye.) Bosi, yule mtoto wa mwenye mabasi, akauliza swali la kwanza kwa Kihispania chake kibovu. Mama Usafi akasimama, akashika mikono kwa mbele.

"Hamjambo wanangu? Mimi kazi yangu ni..."

Hakufika mbali. Bosi akapiga meza. Kiswahili! Kasema Kiswahili! Avishwe! Darasa zima likadaka, wote kwa Kihispania, safi kabisa, miezi yote sijawahi kuwasikia wakiongea kwa pamoja namna ile. Mwishowe wao na mimi tukawa tunacheka pamoja. Na kweli, alikuwa amevuka mlango. Sheria haikusema wanafunzi tu.

Kibao kilikuwa kwa Kasuku. Alikaa kama hasikii. Nikamtazama, nikamwonyesha kwa kichwa: nenda.

Akaenda. Kamba ikanasa kwenye kitambaa cha kichwa cha yule mama. Mama Usafi akainama, akainamisha na shingo, akamsaidia kuinasua. Akamnong'oneza neno sikulisikia. Kasuku akarudi kwenye kiti chake bila kibao, darasa likampigia makofi. Yeye hakupiga.

Nilipomsindikiza koridoni, Mama Usafi akaniuliza kibao kinasemaje. Nikamwambia: "Kinasema karibu mgeni wetu." Akashukuru.

Jumamosi nitajuta labda. Leo hapana.

Alhamisi, 16 Mei

Bado kakivaa! Kapiga deki nacho, kaosha vyoo nacho, kinagonga ndoo, kok, kok, korido nzima. Walimu wananiuliza ni nini. Nikamwita pembeni: nipe hicho, kesho kuna mgeni. Akakishika kwa mkono.

"Hapana, Mwalimu. Nikikupa kitarudi darasani. Kikirudi kitamtafuta tena mwanangu. Acha kikae kwangu mpaka Ijumaa ipite. Mimi sina mashindano."

Mwanangu! Kasuku ni mwanawe! Anasoma bure kwa sababu mama anafanya kazi hapa, na wamelificha hilo tangu kidato cha kwanza. Koridoni wanapishana kama hawajuani. Na jana aliinama akijua anayemvisha ni nani.

Niliona aibu, siwezi kusema sikuiona. Ikanipanda mpaka masikioni. Halafu nikapata hasira — mpiga deki ananifundisha sheria yangu mwenyewe!

Nikaingia darasani nikawaambia. Kwa Kihispania kizuri, mfano hai wa mama anayejitoa, somo tosha la haki. Nilijidanganya hivyo. Bosi akawa wa kwanza kuangua kicheko. Akamgeukia Kasuku: kweli yule ni mama yako?

Kasuku akasimama. Akajibu kwa Kihispania kisicho na doa kwamba yule mwanamke hamjui, humwona tu akisafisha.

Mama Usafi alikuwa nje anafuta vioo vya dirisha lilelile lililombana mwanawe kidole. Kihispania haelewi. Aliacha tambara, akamsikiliza mwanawe anavyotiririka, akatabasamu.

Nilimpa Kasuku alama zote.

Ijumaa, 17 Mei

Naandika mezani darasani, mapumziko ya chai.

Somo lilikwenda vizuri. Mkaguzi alitikisa kichwa, aliandika, alitabasamu. Kasuku aliongea kuhusu heshima ya mfanyakazi mpaka mkaguzi akavua miwani. Nikajiona nimeshakaa kwenye kiti cha idara.

Kisha tukatoka. Mama Usafi yuko mlangoni, kibao kifuani. Nilimwambia leo asafishe upande wa pili! Mkaguzi akasimama. Akakisoma. Akakisoma tena. Hakucheka. Akaniuliza nani kamvisha, na kama mama huyu anajua kimeandikwa nini. Nikaanza kueleza habari za somo. Akasema baada ya chai anataka kumsikia mama mwenyewe, mbele ya darasa, na mwanafunzi ndiye atakayetafsiri. Si mimi. Mkuu, ambaye hajui neno, akaona mgeni kafurahi. Akamwonyesha Kasuku kwa kidole: "Huyu ndiye bora wetu!"

Kengele ya mwisho bado. Sheria bado ipo. Akimtafsiria mama yake kwa Kiswahili, kibao ni chake. Bosi na wenzake hawajaenda hata kunywa chai, wamekaa kwenye viti vyao, wanangoja.

Ninaweza kuifuta sheria kwa neno moja. Lakini nikiifuta, mkaguzi atajua ni ya nani.

Kasuku kaja mezani kwangu sasa hivi. Kaniuliza kwa sauti ndogo, kwa Kihispania, kama leo anaruhusiwa. Nikamjibu: sheria unaijua. Karudi kwenye kiti chake.

Mama Usafi ameingia. Kiti nimempa, hakai. Amekikumbatia kibao kwa mikono miwili kisimtoke. Anamwambia mwanawe, mbele ya wote: "Usiseme kitu, mwanangu. Ninacho mimi tayari."

Viatu vya mkaguzi viko koridoni. Kasuku amesimama. Darasa zima linamwangalia mdomo, wananiangalia mimi, na mimi bado naandika —