Tangi Lisilo na Kifuniko

Jumatatu, 9 Januari 1978. Kwaluguru.
Nimeswali alfajiri, nimetia dawa kwenye tangi la kijiji, linalojazwa maji ya lambo. Vijiko vitatu. Matone mawili ya dawa ya kupimia kwenye kichupa cha maji ya tangi, maji yakageuka manjano. Klorini ipo. Miaka tisa nilitunza bwawa la kuogelea la klabu ya shamba la mkonge, Korogwe. Klabu ilipofungwa nikaletwa kijiji hiki cha ujamaa, nikapewa cheo: Bwana Maji. Mke wangu Mwanaidi ananicheka, ati cheo bila viatu.

Jumatano, 11 Januari.
Kipindupindu kimeingia kijiji jirani. Watu wanataka kuchemsha maji, kuni za shida. Nimesimama mkutanoni: msihangaike, maji ya tangi yana dawa. Mwanaidi nimemwambia awe anachota wa mwisho, alasiri, watu wasije wakasema najipendelea. Kanuna. Kisha kakubali.

Ijumaa, 13 Januari.
Jua kali mno. Tangi bado liko wazi, mabati hayajaletwa. Sina wasiwasi. Bwawa la klabu nalo lilikuwa wazi, na dawa ilidumu mpaka jioni.

Jumapili, 15 Januari.
Mwanaidi anaharisha tangu alfajiri. Maji matupu. Macho yamezama. Trekta la kijiji bovu. Tunambeba kwa kitanda hadi zahanati. Naogopa.

Jumatatu, 16 Januari.
Alifia njiani jana. Tumezika leo.

Alhamisi, 19 Januari.
Bwana Afya wa wilaya amepima tangi saa tisa alasiri. Matone yaleyale. Maji hayakubadilika rangi hata kidogo.

Akaniuliza kuhusu dawa ya klabu. Nikamweleza makopo yalivyokuwa na yaliyoandikwa juu yake. Akanifafanulia taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Ile ilichanganywa na asidi inayoikinga klorini isiliwe na jua. Hii ya kijiji ni klorini tupu. Juani, saa chache tu imekwisha.

Miaka tisa sikulijua hilo. Na hapa nilikuwa nikipima asubuhi tu, kwa kiburi cha fundi. Waliochota asubuhi walipata dawa. Waliochelewa walipata maji ya lambo kama yalivyo. Wawili waliugua, wamepona. Wangu hakupona. Na zamu ile nilimpangia mimi. Moyo umepasuka.

Jumapili, 22 Januari.
Tumefunika tangi kwa nyasi. Natia dawa jua likizama, napima mara mbili kwa siku.

Mama mkwe amefika kutoka Manundu. Alikaa amenipa mgongo, kama desturi ya wakwe. Nikamweleza yote. Mkutano, zamu, jua. Sikuficha kitu. Nikangoja laana.

Akasema, "Nipe maji, baba."

Nikasema ngoja niyachemshe. Akatikisa kichwa. Nikamchotea ya tangi, akapokea kata kwa mikono miwili bila kugeuka, akanywa yote.