Nilitafsiri kwa Adabu, Mjomba Akapoteza Vidole

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie, na kama huna la kunisaidia basi nisome tu mpaka mwisho, maana jambo hili sijamwambia mtu isipokuwa mke wangu, na yeye alinisikiliza nusu akaniambia nifunge mdomo. Mimi ni mkalimani katika kiwanda cha fanicha. Kazini wananiita Spika, kwa sababu kila anayetaka kusema na meneja lazima apitie kwangu, na meneja naye hawezi hata kuomba maji ya kunywa bila mimi, kwani ametoka nchi ya mbali na lugha yetu imemshinda kabisa. Lugha yake niliipata nilipokwenda kusoma kwao miaka minne. Kazi hii alinitafutia mjomba, fundi mkuu wa chumba cha mashine, aliposikia meneja huyo, ambaye ni mama, anatafuta mtu wa kumsemea akanishika mkono mpaka ofisini, na siyo mjomba wa kuonana naye misibani tu, ndiye aliyenilea tangu mama yangu, dada yake, alipofariki nikiwa darasa la pili.

Sasa elewa kwamba huyu mama kwao husema mambo waziwazi. Kitu kikiwa kibaya anakwambia ni kibaya, hapo hapo, mbele ya yeyote aliyepo, na baada ya dakika mbili anacheka na wewe wala hana kinyongo, maana kwao ukizungusha maneno wanaona kuna kitu unaficha. Sisi, wewe unajua, mtu mzima haambiwi "marufuku" mbele ya vijana wake, huitwa pembeni, huulizwa hali kwanza, kisha ndipo huombwa. Mwezi wa kwanza nilijaribu kufikisha kila neno kama lilivyo na ikawa moto mtupu, fundi wa rangi aliacha kazi wiki ya pili kwa sababu nilimfikishia neno "uzembe". Basi nikaanza kupunguza makali. Meneja akisema, "Hili kabati ni aibu," mimi nasema, "Meneja anaona tunaweza kuliboresha kidogo." Fundi akisema, "Mwambie huyu mama aache kutupigia kelele," mimi nasema, "Wanashukuru kwa ushauri." Kiwanda kikatulia. Meneja akawa anasema hajawahi kufanya kazi na watu wasikivu namna hii, mafundi nao wakawa wanasema huyu mama ana adabu zake bwana, na mjomba alikuwa akiniwekea mkono begani wakati wa chai na kuwaambia wenzake, "Bila huyu mpwa wangu tungeshauana humu ndani." Sikatai, nilijisikia vizuri, nilijiona nina kipaji.

Kuna msumeno wa mezani, ule wa duara, ambao juu yake hukaa kifuniko cha kukinga mikono. Mjomba alikuwa akikitoa. Alisema kinamziba asiuone mstari anapokata vipande vidogo, na kwamba amekata mbao miaka thelathini bila hata mchubuko. Siku ya kwanza meneja alikikuta kifuniko chini kwenye vumbi la mbao, akasema, "Mwambie akirudishe sasa hivi, mashine hii bila kinga ni marufuku." Mimi nikasema, "Mjomba, meneja anakusalimu, anauliza hicho kifuniko kina tatizo?" Mjomba hakuinua hata kichwa, akajibu, "Mwambie mimi nilikuwa nakata mbao kabla yeye hajajua kukata kucha." Nikamgeukia meneja nikasema, "Anasema ahsante, atalishughulikia." Meneja akatabasamu, mjomba akaona mama ametabasamu, naye akatabasamu, nami nikashusha pumzi.

Mara ya pili ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu, na safari hii meneja alikuwa mwekundu usoni, alizima mashine kwa mkono wake, vijana saba wakasimamisha kazi wakawa wanatazama. Akasema, "Mwambie nikiikuta tena inazunguka bila kinga hana kazi. Mwambie sitaki kumzika mtu." Nilimtazama mjomba, mshauri. Alikuwa anafuta miwani kwa pindo la shati, anasubiri nimwambie nini, na wale vijana wote yeye ndiye aliyewafundisha kushika randa. Nikasema, "Mjomba, meneja anasifu kazi, ila anaomba wiki hii ukipata nafasi mkae mzungumze kuhusu kifuniko." Mjomba akasema, "Hakuna shida, mwambie Ijumaa nina nafasi." Nikatafsiri, "Ameelewa."

Jumatano saa nne asubuhi nilikuwa juu ofisini natafsiri barua ya mteja wa makochi. Nilisikia msumeno umebadilika sauti, ukazimwa, kukawa kimya kiwanda kizima. Vidole vinne vya mkono wa kulia. Amebaki na gumba.

Yuko wodini wiki ya tatu sasa. Mkaza mjomba ananishika mikono kila nikifika, anasema, "Mwanangu, Mungu akulipe, wewe ndiye umebaki kutusemea," na mimi nakaa pale kwenye ukingo wa kitanda najifanya nanyoosha shuka. Kwa sababu kiwanda kimeunda kamati, na meneja ameandika kwamba alimkataza mara tatu na fundi akakaidi, na kamati ikikubali hivyo mjomba anaondoka mikono mitupu na jina la mkaidi juu. Mjomba akasomewa yale maandishi akacheka kwa uchungu. "Mara tatu? Mimi? Hata mara moja hajanikataza! Ndivyo walivyo hawa, wanakuchekea kisha wanakusingizia. Lakini wewe ulikuwepo, mwanangu. Utawaambia." Na meneja naye nilimkuta ofisini macho yamevimba, akaniuliza, "Kwa nini hakunisikiliza? Nilisema wazi. Nyinyi watu hunikubalia usoni halafu mnafanya mnavyotaka." Vijana wa chumba cha mashine hawamsalimii tena, nimeona kwa macho yangu mmoja akitema mate meneja alipopita, naye meneja ameandika kwao wamtafutie nafasi nchi nyingine, anasema hapa hapawezekani.

Kamati inakaa Alhamisi ya mwisho wa mwezi, na atakayetafsiri ni mimi.

Mke wangu anasema ninyamaze, nikisema nitapoteza kazi na mjomba siku hiyo hiyo. Nimefikiria kuandika barua ya kuacha kazi nihame mji. Nimefikiria mabaya zaidi ya hayo, sitayaandika. Nakuuliza mawili tu. Je, hili ni kosa langu, au ni mila mbili zimegongana na mimi nilikuwa nimesimama katikati? Na kama ni lazima nimwambie mjomba, nimwambieje asiumie?

Ni mimi,
Spika

*

Spika,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Nimebadilisha mambo mawili matatu usitambulike, na nimemwomba mhariri barua yako iruke foleni, kwa sababu Alhamisi yako haitusubiri. Hayo mabaya ambayo hukutaka kuyaandika nimeyaelewa. Kabla ya kwenda popote, leo hii, mwambie mtu mmoja uso kwa uso kwamba umeyafikiria: daktari wa hospitali hiyo hiyo unayokwenda kila siku, au kiongozi wa dini unayemwamini. Hilo siyo la kuahirisha. Na pole, mdogo wangu. Pole kweli.

Sasa tusemezane. Unauliza kama mila mbili ziligongana. Hapana. Usizisingizie mila, hazikufanya chochote. Umeandika kwa mkono wako kwamba kwetu mtu mzima huitwa pembeni akaombwa. Haya, ulimwita pembeni lini? Mnakunywa chai pamoja, anakuwekea mkono begani, nyumbani kwake unaingia bila hodi. Ungeshindwa nini kumwambia jioni ile ile, wawili peke yenu, "Mjomba, yule mama leo hakusalimia, alikataza, na mara hii kakasirika kweli"? Asingekukasirikia zaidi ya muda wa kikombe kimoja cha chai. Mila yetu ilikupa kazi mbili, kunyamaza mbele za watu na kusema pembeni. Ukafanya ile rahisi.

Na ya kwao je? Umesema mwenyewe kwamba wanapenda kuambiwa kitu kilivyo. Basi ungemwambia meneja kilivyo: "Hapa mbele ya vijana wake siwezi kulisema hilo, na nikilisema hatalisikia. Mwite ofisini." Mwanamke wa namna hiyo angekuuliza, "Saa ngapi?" Ulikuwa mtu pekee humo ndani anayejua kwamba hawa wawili wanasema kwa njia tofauti, na wote wawili ukawaficha. Nimeisoma sehemu ile ya kusifiwa mara mbili, Spika. Umeiandika vizuri kuliko sehemu nyingine zote. Ulipenda kupendwa na kila upande, na kupendwa huko kulikuwa kunategemea wasisikilizane hata siku moja.

Sisemi wao hawana lao. Meneja aliona kifuniko kiko chini mara tatu na hakuwahi kumwomba yule mzee arudie alichoambiwa, na mtu anayeongea kupitia mdomo wa mwingine asipoomba arudishiwe maneno yake hajui ameongea nini. Angeweza pia kumwonyesha kwa kidole, kifuniko hiki, hapa, sasa, wala hilo halihitaji mkalimani. Mjomba naye alikitoa kwa mikono yake mwenyewe. Lakini hayo watayasema wenyewe. Usiende nayo wewe, utaonekana umekuja kugawana lawama.

Kuhusu kumwambia asiumie, hakuna. Usiitafute hiyo namna, ndiyo iliyokufikisha hapo. Nenda wodini kesho, peke yako, usimchukue mkeo, usibebe matunda. Mwombe mkaza mjomba akupishe kidogo. Kaa usoni pake na useme hivi: "Mjomba, meneja alikukataza mara tatu. Mara ya tatu alisema utafukuzwa na kwamba hataki kukuzika. Mimi sikukufikishia." Ukifika hapo, nyamaza. Usiweke "lakini". Usiweke "nilikuwa nakuheshimu". Na usilie kabla yake, maana ukilia wewe atalazimika kukubembeleza, na mkono wa kukubembelezea amebaki na mmoja.

Akikuuliza kwa nini, mwambie uliogopa kumkasirisha, ndiyo basi. Akikwambia toka, toka. Sitakudanganya kwamba atakusamehe. Wapo watu husamehe mkono na wasisamehe kudanganywa, simjui mjomba wako ni wa upande gani, na nadhani hata wewe humjui bado.

Kutoka hapo nenda moja kwa moja kwa meneja. Mpe karatasi uliyoiandika kwa lugha yake, siku zote tatu, alisema nini na wewe ukasema nini, neno kwa neno, na yale ya kucha pia usiyaache. Weka sahihi. Nakala nyingine andika kwa lugha yetu, ipeleke mwenyewe kwa kamati, usimwachie mtu akupelekee. Mwambie meneja atafute mkalimani mwingine wa Alhamisi, kwa sababu huwezi kutafsiri kesi ambayo wewe ndiye mshtakiwa. Kazi utaipoteza, nadhani, na ni haki. Ukija kupata nyingine ya namna hiyo, siku ya kwanza kabla hujafungua mdomo waambie pande zote kwamba utasema walichosema, hata kikiwa kichungu, na asiyetaka kisemwe asikiseme.

Mkeo anakupenda, lakini amekushauri vibaya. Ukinyamaza utakaa kwenye kile kiti Alhamisi, utamsikia mzee aliyekulea akiapa kwamba hakukatazwa, na itabidi umgeukie yule mama utafsiri kiapo hicho. Kisha mama ataapa kwamba alimkataza, nawe utamgeukia mjomba. Kamati itawatazama itafute mwongo kati yao, na yeyote watakayemchagua, watakuwa wamemchagua mtu aliyesema kweli.