Sitafunga Jiko kwa Sababu ya Pua

Bunia, Mbunya
Tarehe 18 mwezi wa kumi na moja, 2020

Mpendwa yaya Joséphine, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa moyo wote, weye na shemeji Jean-Claude na watoto. Mvua ya Lubumbashi imeanza? Na goti lako, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Siye huku tuko, kwa neema ya Mungu. Mahindi ya nyuma ya nyumba yamekubali, na barabara ya Mahagi wiki hii iko wazi. Ya wiki ijayo hatujui.

Sista Faida wa parokia yetu anasafiri kuja huko, nimemwomba akuletee karatasi hii. Kwa simu unanikatiza, kisha na réseau ya simu inanikatiza. Hapa utanisikiliza mpaka mwisho.

Uliniambia: "Kanyere, funga hiyo resto upumzike. Mpishi asiyesikia ladha atapika nini?" Nilinyamaza, ukafikiri nimekubali. Sikukubali, yaya. Sikia kwanza yaliyonipata.

Ugonjwa ulinikamata mwezi wa nane. Siku tatu homa, kichwa, mgongo kama umetwangwa. Siku ya nne homa ikashuka, nikaomba chai ya tangawizi. Nikanywa maji ya moto. Nikamgombeza binti yangu kwamba amesahau tangawizi. Jemima akanionyesha vipande vimelala chini ya kikombe. Nikachukua kitunguu kibichi nikakiuma kama tunda. Machozi yalitoka, mdomoni hakuna kitu. Nikanusa bidoni ya petroli ya jirani. Hakuna. Brigitte, infirmière anayetibu watu wa hapa kwetu, akaniambia ni korona. "Kwa wengine pua inarudi baada ya wiki mbili, wengine baada ya miezi. Uvumilie, mama."

Weye unaijua pua hii. Mwaka ule wa vita ndiyo iliyosikia nyasi za paa la jirani zikiungua kabla bunduki haijalia, tukatoka na watoto mgongoni. Sasa wanasema amani iko, lakini watu wanaokimbia Djugu bado wanafika mjini na magodoro vichwani, na siye tunalala viatu vikiwa karibu na kitanda. Nyumba nzima ilikuwa inalala kwa kutegemea pua yangu. Wiki nyingi sikumwambia mtu hofu hiyo.

Niliporudi jikoni nikaunguza maharagwe, sufuria nzima. Nilikuwa nimegeuka nakata mboga za lenga-lenga, moshi ukapanda nyuma yangu sina habari. Tharcisse, dereva wa lori la Mahagi anayekula kwetu tangu resto ina meza moja, akaweka kijiko chini. "Mama Kanyere, leo ni maharagwe ao makala?" Watu wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikashika ukuta.

Kesho yake wifi Annie akaja na shauri lake tayari: nimwachie yeye jiko, mimi nikae kwenye kiti mlangoni nikaribishe watu. Kwenye kiti, yaya! Kama picha ya marehemu. Na najua ni yeye aliyekupigia simu.

Nikamwambia Jemima, kuanzia leo ulimi wako ndio wangu. Siku za kwanza alinidanganya, maskini. Kila kitu, "Iko muzuri, mama." Na sahani za sombe, majani yetu ya mihogo, zinarudi nusu. Nikamkalisha mbele yangu. "Watu wanaacha chakula. Unanihurumia ao unanisaidia? Chagula moja." Akalia. Kisha akaonja tena, akajifuta macho: "Chumvi imepita, mama. Na mafuta haijaiva."

Tangu siku ile hanionei huruma hata kidogo. Na mimi nimejifunza kusikiliza. Mafuta ya mawese yakiiva yanatulia. Maharagwe yanayotaka kushika chini yanabadilisha sauti. Miaka ishirini napika, kumbe masikio yalikuwa yanasoma bila mimi kujua.

Sasa sikia hii. Mwezi uliopita nilikwenda sokoni kwa Michel, yule wa samaki za ziwa. Nanunua kwake miaka tisa. Siku hiyo akaniita kwa sauti tamu kuliko kawaida yake: "Mama Kanyere, kuya! Nimekuwekea ya muzuri, imetoka ziwani Kasenyi leo asubuyi."

Nikaona wauzaji wenzake wanatazama pembeni. Nikajua habari ya pua yangu imenitangulia sokoni. Nikabonyeza samaki kwa kidole gumba, shimo likabaki. Nikafungua mashavu yake, ndani kahawia kama majani ya chai yaliyokwisha kutumika. Jicho limezama.

Nikarudisha samaki mezani. Mtu huyu alikuja kwenye kilio cha mume wangu, alibeba viti. Kisha nikasema kwa sauti ya kufika mpaka kwa wauza mihogo: "Michel, pua ndiyo iligonjwa. Macho iko muzima. Vidole iko muzima. Na hii samaki yako ilikufa juzi."

Dorothée wa chumvi akaacha meza yake, akainama kunusa, akaruka nyuma. "Hii hata imbwa itakataa! Na ulitaka mama aipikie watu?"

Michel akatazama miguu yake. "Walisema hausikie tena kitu."

"Ndiyo ikawa sababu?"

Akafunika samaki kwa gunia. Nikaondoka mikono mitupu, kwa hasira. Siku mbili baadaye alikuja nyumbani kuomba msamaha. Nimemsamehe, bado nanunua kwake, lakini nabonyeza kila samaki. Na mama wengine wa soko wananiita sasa kabla hawajanunua: "Mama Kanyere, bonyeza."

Kuhusu moshi, niliwaambia majirani ukweli. Hakuna aliyecheka. Tumekubaliana atakayekuwa wa kwanza kusikia moshi atagonga kwa wengine.

Pua yenyewe inarudi kombo. Kahawa inanuka mpira unaoungua. Lakini juzi ndimu iliniuma ulimi kidogo, nikaomba ya pili. Ikirudi yote, asante kwa Mungu. Isiporudi, nitapika hivi hivi. Meza sasa ni sita, na Tharcisse anaomba kuongezewa chakula. Annie anakuja Jumamosi kusaidia kumenya mihogo, na kiti cha mlangoni anakikalia yeye.

Kwa hiyo usinitumie tena ushauri wa kupumzika. Njoo Noeli ukae mezani kwangu, ule, na kama chakula ni kibaya useme mbele ya watu wote.

Unisalimie shemeji, na watoto, Musoki na Fiston, na jirani yenu mama Katsuva umshike mikono miwili kwa niaba yangu. Mungu awalinde, kila mtu mahali alipo, na sahani zenu zisikauke.

Mdogo wako akupendaye bila kukutii,

Kanyere, mpishi